Arthur Ashe, au namna ya kupiga mpira polepole

Kambo yangu mzaa mama alijua kuhesabu kwa Kifaransa kabla hajakanyaga shule. Enzi hizo mji wetu uliitwa bado Elisabethville, naye alikuwa mtoto wa kuokota mipira kwenye uwanja wa tenisi wa Wazungu. Hesabu aliyoipata pale ilikuwa ya ajabu: kenze, trante, karante, basi. Hapakuwa na kumi wala ishirini. Raketi aliibeba, hakuicheza. (Wasomaji wasiotoka Lubumbashi wanisamehe: kwetu kambo ni babu au bibi, hana uhusiano wowote na yule baba wa kambo wa Kiswahili cha pwani.)

Katika wachezaji wote wa tenisi wa dunia, kambo alitutajia mmoja tu, naye alimwita Arturi Ashi. Habari zake alizisikia redioni mwaka 1975. Kila aliposimulia, alimalizia kwa kusema kwamba bwana yule alimshinda mwenzake kwa kutomjibu. Mimi sikuelewa, nikadhani ni mafumbo ya wazee. Lakini mwaka huu, katika somo la pragmatiki, tulifika kwenye sura ya ukimya, na mwalimu akatuuliza kama kunyamaza ni kukosa neno au ni neno lenyewe. Maneno ya kambo yakanirudia. Nikaanza kusoma maisha ya Arthur Ashe, kwanza kwa udadisi, baadaye kwa ubishi, maana kuna mahali sikukubaliana naye, na mpaka leo sijui kama nimekubaliana.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 mjini Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Richmond una historia yake: ulikuwa makao makuu ya majimbo ya Kusini yaliyopigana vita ili utumwa ubaki. Ashe alipozaliwa, sheria za ubaguzi zilikuwa bado zinatawala shule, mabasi, vyoo na viwanja vya michezo. Baba yake, naye aliitwa Arthur, alikuwa mlinzi na mtunzaji wa Brook Field, bustani ya michezo ya watu weusi, na familia ilikaa katika nyumba iliyokuwa ndani ya bustani hiyo. Hatua chache kutoka mlangoni palikuwa na viwanja vya tenisi. Ndivyo mtoto mwembamba, mwenye mikono kama vijiti, alivyoangukia mchezo ambao watu wa rangi yake karibu wote hawakuufikia.

Mama yake, Mattie, alifariki mwezi wa Machi 1950, Arthur akiwa na miaka sita. Kumbukumbu yake ya mwisho ilikuwa ya mama amesimama mlangoni amevaa joho la nyumbani la rangi ya bluu. Baada ya hapo alilelewa na baba ambaye hakutania katika nidhamu: alipima muda wa kutembea kutoka shuleni mpaka nyumbani, na mtoto hakuruhusiwa kuupita. Katika mji ule, mtoto mweusi aliyechelewa njiani alikuwa mtoto aliyeweza kupata matatizo na mtu yeyote.

Mwalimu wake wa kwanza wa tenisi alikuwa Ron Charity, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefanya mazoezi pale Brook Field. Yeye ndiye aliyempeleka kwa Robert Walter Johnson, daktari mweusi wa mji wa Lynchburg (sisi tungesema munganga), ambaye kila kiangazi alikusanya vijana weusi nyumbani kwake akawafundisha mchezo kwa gharama zake. Mikononi mwake alikuwa amepita Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa Wimbledon, mwaka 1957.

Dokta Johnson alifundisha zaidi ya kupiga mpira. Alikuwa na sheria moja ambayo nimeifikiria sana. Mpira wa mpinzani ukitua nje ya mstari kwa kipimo cha kama sentimita tano, mwanafunzi wake alipaswa kuurudisha kana kwamba umetua ndani. Asibishe, asikunje uso, asimtazame mwamuzi. Sababu ilikuwa wazi: mashindano yaliendeshwa na Wazungu, wengi wao wakitafuta kisingizio tu cha kuwafukuza vijana hawa, na ubishi juu ya mstari ungekuwa kisingizio kizuri. Kwa hiyo Ashe alikua akicheza kwenye uwanja uliokuwa mpana kuliko wa wenzake. Mpinzani alikuwa na mistari yake, yeye alikuwa na mistari yake na sentimita tano za ziada za kulinda bila kusema neno.

Sisi wa isimu tunapenda kusema kwamba lugha ina sarufi hata pale msemaji asipoijua. Nadhani ukimya wa Ashe ulikuwa na sarufi ya namna hiyo. Alifundishwa mapema, ukamwingia, na baadaye watu waliouona waliuita upole, au ubaridi, au woga. Wengine waliuita usaliti. Nitafika huko.

Viwanja vizuri vya Richmond, vile vya Byrd Park, vilikuwa vya Wazungu, na kijana Ashe alirudishwa kutoka huko. Viwanja vya ndani vya majira ya baridi navyo vilifungwa kwake. Mwaka wake wa mwisho wa sekondari alihamia St. Louis ili apate mahali pa kucheza mwaka mzima. Kisha akapata nafasi ya masomo katika chuo kikuu cha UCLA, California. Mwaka 1963 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika timu ya Marekani ya Davis Cup, yaani mashindano ya mataifa. Mwaka 1965 alichukua ubingwa wa vyuo vikuu, mwaka 1966 akapata shahada yake, kisha akaingia jeshini kama ofisa. Alikuwa bado mwanajeshi yalipofika mashindano ya 1968.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kabla ya mwaka huo, tenisi ilikuwa na dunia mbili: ya wachezaji wa ridhaa, ambao ndio waliocheza mashindano makubwa na ambao kwa sheria hawakulipwa, na ya wachezaji wa kulipwa, ambao walifungiwa nje ya mashindano hayo hayo. Mwaka 1968 mlango ulifunguliwa, wote wakacheza pamoja. US Open ya kwanza ya zama hizo ilichezwa Forest Hills, New York. Luteni Ashe, bado mchezaji wa ridhaa, alifika fainali ya mmoja kwa mmoja akamshinda Mholanzi Tom Okker kwa seti tano: 14–12, 5–7, 6–3, 3–6, 6–3. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 14,000. Okker, aliyeshindwa, ndiye aliyezichukua, kwa kuwa yeye aliruhusiwa kupokea. Ashe alipata posho ya dola 20 kwa siku. Ule ulikuwa mwaka ambao Martin Luther King aliuawa mwezi wa Aprili na Robert Kennedy mwezi wa Juni, na miji ya Marekani iliwaka moto. Kijana mweusi aliyevaa meupe, asiye na hasira usoni, akiinua kombe: magazeti yalimpenda sana. Labda yalimpenda kupita kiasi.

Ndipo tunafika Afrika Kusini, mahali ninapobishana naye.

Kuanzia mwaka 1969 Ashe aliomba viza ya kucheza mashindano ya wazi ya Afrika Kusini, na zaidi ya mara moja serikali ya ubaguzi ilimkatalia. Alidai hadharani nchi hiyo itolewe kwenye Davis Cup, na mwaka 1970 ikatolewa. Mwaka huo huo ilifukuzwa pia katika harakati za Olimpiki. Nchi iliyokuwa ikifungiwa milango ilianza kuona faida ya kumfungulia mlango mtu mmoja mweusi maarufu, na mwaka 1973 viza ikatoka. Ashe aliweka masharti: hatakubali kupewa cheo cha Mzungu wa heshima, na watazamaji wasitenganishwe kwa rangi. Alikubaliwa, akaenda mwezi wa Novemba.

Wengi walimwambia asiende. Wakimbizi wa kisiasa wa Afrika Kusini walikuwa wakiomba dunia isusie nchi yao, na huyu alikuwa anakwenda kuipamba. Alipofika Johannesburg, kati ya waandishi na wasomi weusi aliokutana nao wamo waliomwambia usoni kwamba amekuja kuwapa wakubwa picha nzuri ya kupeleka nje. Yeye aliwasikiliza. Kuhusu viti uwanjani, ahadi ilitimizwa nusu nusu, na weusi wengi walijikuta bado wamekaa upande mmoja. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja alifika fainali akashindwa na Mmarekani mwenzake Jimmy Connors. Katika mchezo wa wawili wawili alishinda, akiwa pamoja na Tom Okker yule yule, na jina la mtu mweusi likaandikwa kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya mabingwa wa mashindano yale.

Kuna habari ya mvulana mmoja mweusi aliyemfuatafuata kimya siku hizo. Ashe alipomuuliza kwa nini, mvulana alimjibu kwamba hajawahi kumwona kwa macho yake mtu mweusi aliye huru.

Weusi wa huko walimpa jina: Sipho. Hapa naomba msomaji wa fakilte nyingine avumilie kidogo. Katika Kizulu isipho ni zawadi, na likiwa jina la mtu ile irabu ya mwanzo huanguka. Mzizi wake ni -pha, kutoa, ambao ni ndugu wa -pa ya Kiswahili. Kiambishi isi- ni ndugu wa ki- yetu, ngeli ya saba. Tukitafuta katika Kiswahili neno lililojengwa juu ya mzizi huo huo na ngeli hiyo hiyo, tunapata kipaji. Kizulu kinasema zawadi, Kiswahili kinasema uwezo aliozaliwa nao mtu, na chini yake ni tendo moja la kupewa. Sijui kama waliompa jina lile walitaka kusema kwamba yeye ni zawadi kwao, au kwamba anacho kipaji. Kwa Kibantu si lazima kuchagua.

Turudi kwenye ubishi. Mimi naona alikosea kwenda. Aliyebaguliwa akisema usije, mgeni hana haki ya kujua zaidi yake. Nilipomwambia hivyo rafiki yangu wa darasani, alinijibu kwa swali: na yule mvulana je? Sina jibu. Ashe mwenyewe alirudi Afrika Kusini mara nyingine miaka iliyofuata, kisha akabadili msimamo akaunga mkono kususia. Mwaka 1983 alianzisha na Harry Belafonte umoja wa wasanii na wanamichezo wa kupinga apartheid, na mwaka 1985 alikamatwa na polisi mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Mtu aliyefundishwa asibishane na mwamuzi alifungwa pingu kwa kubisha. Hilo linanipendeza kuliko safari yenyewe, ingawa nashuku kwamba bila safari lisingetokea.

Sasa fainali ya Wimbledon.

Mwaka 1975 Ashe alikuwa anakaribia miaka 32, na wengi walihesabu kwamba saa yake imepita. Alikuwa rais wa ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa alichoshiriki kukianzisha mwaka 1972, chama ambacho mwaka 1973 kiliwafanya wachezaji 81 kuisusia Wimbledon kwa kumtetea mwenzao Nikola Pilić wa Yugoslavia. Jimmy Connors hakujiunga nacho. Connors alikuwa na miaka 22, bingwa mtetezi, na katika mashindano yale alifika fainali bila kupoteza hata seti moja. Walikuwa wamekutana mara tatu, na mara zote tatu Connors alishinda. Zaidi ya hayo, Ashe alikuwa amemlaumu kwa kukataa kuchezea timu ya taifa, na siku chache kabla ya Wimbledon kuanza, Connors alimshitaki mahakamani kwa kumchafulia jina. Kwa hiyo watu wawili walioingia uwanjani tarehe 5 Julai walikuwa mchezaji na mchezaji, lakini pia mshitaki na mshitakiwa. Ashe hakusema kitu. Alivaa tu koti lake la Davis Cup, lenye jina la nchi kifuani, akaingia nalo Centre Court. Wenye macho waliona.

Usiku uliotangulia alikaa na marafiki zake wachache, akiwemo Dennis Ralston aliyekuwa kocha wa timu ya taifa, wakatafuta njia. Tatizo lilikuwa hili. Connors alikula nguvu za wengine. Ukimpigia mpira wa kasi, aliurudisha kwa kasi zaidi. Katika nusu fainali Roscoe Tanner, mwenye mkono mzito kuliko wote, alimpiga kwa nguvu zake zote na akarudishiwa zote. Ashe naye kwa asili alikuwa mpigaji wa nguvu: alipenda mpira bapa, wa haraka, wa kumaliza mambo. Kucheza kama alivyozoea kulikuwa sawa na kumpelekea Connors kuni.

Wakaamua asimpelekee. Mipira iwe laini, ya chini, bila mwendo. Iende upande wa kushoto wa Connors (alikuwa mtu wa mkono wa kushoto), pale ambapo mpira wa chini usio na uzito ulimlazimu ainame na atengeneze nguvu yeye mwenyewe. Kuanzisha mpira kuwe kwa kukata, ili uende mbali pembeni upande wa kulia, ambako alishika raketi kwa mikono miwili na mikono miwili haifiki mbali. Akikaribia wavu, apigiwe mpira wa juu kupita kichwa chake. Kwa kifupi, Ashe alitakiwa aache kuwa Ashe kwa saa mbili, mbele ya dunia nzima, katika mechi kubwa kuliko zote za maisha yake.

Wanaojua mchezo wanasema hilo ndilo gumu. Mpango unaweza kuandikwa na yeyote. Kushika mpango pale mkono unapotaka kufanya ulichouzoeza miaka ishirini ni jambo jingine. Tena enzi hizo katika mchezo wa mmoja kwa mmoja hapakuwa na wa kukukumbusha: kocha alikuwa jukwaani, hakuruhusiwa kusema nawe.

Seti ya kwanza ilikuwa 6–1 kwa Ashe. Ya pili, 6–1. Watazamaji hawakuelewa wanachokiona. Connors alikuwa akipiga mipira iliyokufa, ikigonga wavu au ikitoka nje. Mtazamaji mmoja alimpigia kelele ajitahidi, naye akamjibu kwa hasira kwamba anajitahidi. Kila walipobadilishana pande, Ashe alikaa kwenye kiti chake akafumba macho. Picha zake zipo: mtu mweusi katikati ya Centre Court amekaa wima kama anasinzia. Wengine walidhani ni madaha. Alikuwa akijituliza.

Seti ya tatu Connors aliipata, 7–5. Ya nne akaanza kwa kuongoza 3–0, na kila aliyekuwa pale akajua, au akadhani anajua, nini kinachofuata. Hapo ndipo mtu hurudi kwa tabia yake. Akibanwa, msemaji wa lugha ya pili hurudi kwenye lugha ya mama. Hata sisi katika mitihani ya mdomo, Kiswahili bora kikituishia, tunajikuta tunajibu kwa kile cha nyumbani. Ashe hakurudi. Aliendelea kupiga polepole. Mpira wa chini, mpira wa pembeni, mpira wa juu. Gemu moja moja alimfikia, akampita, na alipopata nafasi ya mwisho akammaliza Connors karibu na wavu: 6–4. Alimgeukia rafiki yake na wakala wake Donald Dell aliyekuwa jukwaani, akainua ngumi kwa sekunde moja, akaishusha. Alikuwa mwanaume mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa Wimbledon katika mchezo wa mmoja kwa mmoja. Zawadi ilikuwa pauni 10,000, na safari hii alizipokea. Kesi ya Connors baadaye ilifutwa.

Kambo alikuwa na haki. Hakumjibu.

Mengine ya maisha yake ya uwanjani nitayapita haraka, isipokuwa mawili yanayotugusa Waafrika. Mwaka 1971, akiwa katika ziara ya Afrika, alicheza mjini Yaoundé na mtoto wa miaka 11. Jioni ile alimjulisha Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi ya Ufaransa, kwamba kuna mtoto anayestahili kutazamwa. Mtoto huyo alikuwa Yannick Noah, aliyepelekwa Nice kufundishwa, na ambaye mwaka 1983 alichukua ubingwa wa Roland Garros. La pili ni la Februari 1976, huko Lagos. Ashe alikuwa katikati ya nusu fainali dhidi ya Jeff Borowiak wakati wanajeshi wenye bunduki walipoingia uwanjani wakawafukuza wachezaji na watazamaji: Rais Murtala Muhammed alikuwa ameuawa siku hizo hizo, na taifa lilikuwa katika maombolezo. Mashindano yalimaliziwa Caracas, ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1977 alimwoa Jeanne Moutoussamy, mpiga picha. Mwezi wa Julai 1979, akiwa na miaka 36 tu, moyo ulimshika. Alipasuliwa mwaka huo, na mwaka 1980 akaacha kucheza. Aliongoza timu ya taifa kama kapteni kuanzia 1981, ikachukua Davis Cup mwaka huo na mwaka uliofuata. Mwaka 1983 alipasuliwa moyo mara ya pili, akaongezewa damu. Upimaji wa virusi vya UKIMWI katika damu ya hospitali ulianza mwaka 1985. Ilikuwa imechelewa miaka miwili kwake.

Alijua mwaka 1988, mkono wake wa kulia ulipolegea ghafla na madaktari wakakuta maradhi kwenye ubongo. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake kikubwa, A Hard Road to Glory, juzuu tatu za historia ya wanamichezo weusi wa Marekani, kazi ya miaka ya utafiti ambayo, kwa maoni yangu, ingempa nafasi katika fakilte yoyote hata kama asingeshika raketi. Yeye na Jeanne waliamua kunyamaza juu ya ugonjwa. Binti yao Camera alikuwa mtoto mchanga wa miaka miwili. Marafiki na waganga wachache walijua, nao wakanyamaza.

Katika mitaa yetu pia ugonjwa huu hautajwi kwa jina. Watu huuzungukia kwa maneno mengine, na mtafiti wa tafsida angepata kazi ya kutosha katika msiba mmoja tu. Mara nyingi nimeona ukimya huo kama woga au aibu. Nilipofika sehemu hii ya maisha ya Ashe nilianza kuuona pia kama ukuta ambao mtu ana haki ya kuujenga kuzunguka nyumba yake. Ukuta wa Ashe ulibomolewa na wengine. Mwezi wa Aprili 1992 gazeti la USA Today lilimuuliza kama habari ni za kweli. Kwa kuwa hakutaka kusema uongo, na hakutaka wengine watangulie kusema, aliita waandishi mjini New York tarehe 8 Aprili akawaambia mwenyewe. Alisoma maelezo yake kwa sauti ile ile ya kila siku mpaka alipofika mahali panapomtaja binti yake. Hapo sauti ilikatika. Alisimama, akajaribu, haikutoka. Jeanne akasogea, akachukua karatasi, akaendelea kumsomea.

Nimeurudia ukimya huo mara nyingi kuliko ule wa Wimbledon. Huu hakuupanga na mtu yeyote usiku uliotangulia.

Ulikuwa umebaki mwaka mmoja kasoro miezi miwili. Hakupumzika. Alianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, alihutubia vyuo, na mwezi wa Septemba 1992, amekonda na akijua hali yake, aliandamana mbele ya Ikulu ya Marekani kupinga namna wakimbizi wa Haiti walivyorudishwa makwao. Alikamatwa tena. Katika siku hizo aliulizwa kama UKIMWI ndio mzigo mzito kuliko yote aliyobeba, akasema hapana: mzigo mzito zaidi ulikuwa kuwa mtu mweusi katika nchi yake. Wengi walishtuka, maana walimjua kama mtu asiyelalamika. Nadhani walikuwa wamesoma vibaya miaka 49.

Arthur Ashe alifariki New York tarehe 6 Februari 1993. Mwili wake ulirudishwa Richmond, ukawekwa katika makao ya gavana wa Virginia, na watu kwa maelfu wakapita kumuaga. Mwaka 1996 mji ule ulimsimamishia sanamu kwenye barabara ya Monument Avenue, barabara iliyojaa majenerali wa vita vya utumwa juu ya farasi zao. Kuanzia mwaka 2020 majenerali waliondolewa mmoja baada ya mwingine. Sanamu ya Ashe ipo bado. Amezungukwa na watoto, mkono mmoja ana raketi, mwingine ana vitabu, na vitabu ameviinua juu zaidi.

Kaburi lake liko Woodland, makaburi ya zamani ya watu weusi ya Richmond. Amezikwa kando ya mama yake.